TAKA ZETU, ELIMU YAO: TUWAPOKEE VIPI WATU WA KAMPUNI ZA TAKA?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana katika kikao cha kuukaribisha mwezi mtukufu wa Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka siku ya mwisho. Amma baad.



Najua mada hii itawashangaza wengine. Ramadhan iko mlangoni, watu wanatarajia kusikia habari za swaumu, taraweh na Lailatul Qadr, na mimi nimesimama kuzungumzia taka! Lakini hebu tuwe wakweli. Ukishapita wakati wa futari, zunguka nyuma ya msikiti wowote unaofuturisha watu wengi. Utakuta nini? Vikombe vya plastiki, chupa za maji, maganda ya tikiti, sambusa zilizoumwa mara moja na wali uliomwagwa. Mwezi wa kujizuia ndio mwezi ambao jaa letu linanenepa. Subhanallah!

Siku hizi kampuni za kuzoa taka hazitoshelezwi na kuja na lori na kuondoka. Zinatuma watu mitaani, mashuleni na katika nyumba za ibada kufundisha utunzaji wa mazingira. Swali langu ni hili: wakibisha hodi msikitini kwetu, tuwapokee vipi?

Dini yetu imetangulia

Kwanza tufahamu kwamba elimu hii si ngeni kwetu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba imani ina matawi mengi, na kuondoa njiani kitu chenye kuwaudhi watu ni mojawapo. Hadithi hii imo katika Muslim. Amewakataza watu kufanya haja katika njia za watu na vivuli vyao. Na katika Suratul A'raf, aya ya 31, tumeamrishwa tule na tunywe lakini tusifanye israfu.

Sasa mtu anatawadha vizuri, anafagia nyumba yake ikang'aa, kisha mfuko wa taka anautupa kwenye mtaro ulioko mbele ya mlango wa jirani. Mvua ikinyesha, mtaro unaziba na maji machafu yanaingia kwa yule jirani. Je, huo ni usafi au ni kuhamisha uchafu? Ndugu zangu, tahara yetu isiishie kizingitini.

Wanafundisha nini hasa?

Somo kubwa la kampuni hizi ni moja: tenganisha taka hapo hapo nyumbani. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani katika miji yetu ni mabaki ya chakula, maganda na majani. Vitu hivi vikikaa peke yake vinaoza na kuwa mbolea. Chupa za plastiki, karatasi na vyuma navyo vina wanunuzi wake. Lakini ukichanganya mchuzi wa mbaazi na karatasi na chupa katika mfuko mmoja, umeharibu vyote. Karatasi haifai tena, plastiki inahitaji kuoshwa, na mabaki yamejaa vigae vya gilasi, hakuna mkulima atakayeyataka. Basi mfuko mzima unakwenda jaani.

Jijini Nairobi iko kampuni iitwayo TakaTaka Solutions, iliyoanzishwa mwaka wa 2011. Kazi yake ni hiyo: kuzoa taka, kuzichambua, kugeuza mabaki ya chakula kuwa mbolea na kuvipeleka vingine vikatengenezwe upya.

Huku kwetu pwani, Lamu, mafundi wakiongozwa na fundi Ali Skanda waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, na ubavuni wakalipamba kwa vipande vya ndara kuukuu. Mapema mwaka wa 2019 jahazi hilo lilisafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar, likitia nanga njiani na watu wakifundishwa juu ya taka za plastiki. Mwaka wa 2021 lilipelekwa Ziwa Victoria kwa kazi hiyo hiyo. Mzee wa Lamu hahitaji kusomewa ripoti. Akiona jahazi linaelea na limeundwa kwa takataka, ameshaelewa somo.

Na tusipofundishika?

Tazameni Dandora. Jaa lile lilifunguliwa katika miaka ya sabini, likatangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, na taka zikaendelea kumwagwa. Mwaka wa 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilichapisha uchunguzi uliofanywa kwa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita mpaka uliokubaliwa wakati huo. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto. Watoto hao hawakutupa betri wala rangi. Waliotupa ni wakaao mbali na jaa. Mimi naona hii ni dhulma, na mwenye kufunga hafai kuwa mshirika wa dhulma.

"Hao wanatafuta pesa tu!"

Najua wako watakaosema hivyo. Ni kweli, kampuni ni biashara. Lakini daktari naye analipwa, na mwalimu wa chuo naye anapata posho. La kuuliza ni kama elimu yao ni ya kweli au ni matangazo yaliyovikwa kanzu. Kwa hivyo, kabla ya kuwapa kipaza sauti, tuwaulize maswali manne:

1. Mna leseni ya NEMA ya kubeba taka?
2. Taka zetu mnazipeleka wapi? Tupelekeni na sisi tukaone.
3. Tukizitenganisha nyumbani, lori lenu litazibeba mbalimbali, au mtazichanganya tena?
4. Wafanyakazi wenu wana glavu na mabuti, na wanalipwa kwa wakati?

Swali la tatu ndilo kubwa. Mama akitenganisha taka mwezi mzima, kisha akachungulia dirishani akaona ndoo zote mbili zinamwagwa pamoja, hatorudia tena. Hapo semina kumi hazitomrudisha. Anayefundisha kwa mdomo na kubomoa kwa lori, bora angenyamaza.

Na sheria iko upande wetu. Katiba ya 2010, Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kuzoa taka ni jukumu la serikali za kaunti, na sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka wa 2022 inataka taka zitenganishwe. Tusione haya kuuliza.

Heshima ya mzoaji

Jambo jingine linaniuma. Kijana anayesukuma mkokoteni wa taka tunamwita chokoraa. Kumbukeni kisa cha yule aliyekuwa akisafisha msikiti wa Mtume (S.A.W.). Alipofariki, masahaba walimzika bila ya kumjulisha Mtume, kana kwamba ni jambo dogo. Mtume alipomuulizia na kuambiwa, alitaka aonyeshwe kaburi lake, akamswalia. Hiyo ndiyo heshima ya msafishaji katika Uislamu. Kumwita mwenzako kwa jina la dharau huku umefunga, una faida gani na njaa yako?

Tufanye nini Ramadhan hii?

Vijana wenzangu, tusiondoke hapa na maneno matupu. Mimi napendekeza mambo haya:

- Kila msikiti unaofuturisha uweke mapipa mawili, moja la mabaki ya chakula na moja la chupa na plastiki, na kijana mmoja asimame hapo kuelekeza watu.
- Turudi kwenye vikombe na sahani za kuoshwa. Tugawane zamu za kuosha, ndugu na dada sawasawa, msiwaachie kina mama peke yao.
- Chakula kilichobaki kizima kigaiwe kabla ya taraweh, kisingoje kuharibika.
- Maustadhi wa madrasa watenge darsa moja kwa wiki kuwafundisha watoto. Mtoto akielewa, atamkataza hata baba yake kutupa chupa barabarani.
- Kampuni itakayojibu yale maswali manne vizuri, tuikaribishe baada ya swala ya Alasiri ifundishe. Itakayoshindwa, tuishukuru kwa adabu na tuendelee na kazi yetu.

Ramadhan itapita. Idd itakuja na masanduku ya zawadi na karatasi zake, na jaa litatungojea pale pale. Tukizoea mwezi huu, in shaa Allah tutaendelea katika miezi kumi na moja inayobaki.

Namuomba Allah (S.W.T.) atutakabalie swaumu zetu, atusafishie nyoyo zetu pamoja na mitaa yetu, na awape wazoaji taka wetu riziki ya halali na afya njema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.