MBAO KUUKUU SI KUNI

(Maneno ya fundi seremala wa chama katika mkutano wa wanachama. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya wenzetu waliokuwa shamba siku ile.)



Nimetakiwa nieleze habari ya mbao tulizoshusha tulipobadilisha paa la ghala. Mnaziona zimelala pale ukutani. Yupo mnunuzi anayezitaka zote kwa mpigo akachomee tofali. Wengine wanasema tumpe, eti ni takataka. Wengine hawasemi kitu, ila kila kukicha rundo linapungua. Leo tukate shauri.

Kwanza tujue tulicho nacho. Kenchi zile ni za mninga. Mninga wa kupasuliwa mbao umesimama porini miaka mingi kuliko umri wa wengi tuliokaa hapa. Tena mbao iliyokaa chini ya bati miaka yote hiyo imekwisha kukauka. Nunua mbao mbichi leo, tengeneza mlango kesho. Kiangazi kikipita mlango umepinda, haufungi. Hizi za zamani zilikwisha kupinda zamani.

Pili, tuchague. Gonga ubao kwa nyundo. Ukilia kwa nguvu ni mzima. Ukilia kama debe lililopasuka, ndani umeliwa. Chomeka ncha ya kisu. Ikizama bila taabu, hapo pameoza, kata sehemu hiyo uitupe. Ukiona vitundu vinavyomwaga unga mpya, ubao huo una wadudu bado. Usiupeleke nyumbani ukawaambukiza wenzake.

Tatu, misumari. Ing'oe yote siku hiyo hiyo. Usiache ubao chini na misumari inatazama juu, watoto wetu wanatembea peku. Atakayechomwa asipake oili wala tope. Aoshe kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha aende zahanati aulizie sindano ya pepopunda. Msumari uliopinda unyooshe juu ya jiwe, utafaa tena. Na mninga mkavu ni mgumu: toboa kwanza kwa keekee ndipo upigilie, usije ukapasua ubao.

Nne, na hapa nawaomba mnisikilize sana. Nguzo za baraza zile, zenye rangi ya kijanikijani, hazikuota na rangi hiyo. Zilitiwa dawa ya kuzuia mchwa, na dawa hiyo ina shaba, kromu na aseniki. Aseniki ni sumu. Nimeona vipande vyake kwenye mafiga; simtaji mtu. Jamani, tuache! Moshi wake una sumu, na majivu yake yana sumu zaidi. Sisi majivu tunachanganya na maharage na mahindi ya akiba kuzuia fukusi. Tunamwagia mchicha. Sasa huyo mama aliyepika kwa kuni hizo akachota majivu akayatia kwenye kihenge, amewalisha watoto nini? Hata yule mchoma tofali asiuziwe nguzo hizo, maana moshi wa tanuri haujui mpaka wa shamba.

Nguzo hizo zifanye kazi ya uzio, mbali na kisima. Zisiwe hori la ng'ombe, zisiwe meza ya jikoni, zisiwe mzinga wa nyuki. Anayezikata akatie nje, afunge kitambaa puani, na unga wa msumeno aukusanye aufukie mbali na maji. Hali kadhalika ubao wenye rangi ya zamani: rangi nyingine za zamani zina madini ya risasi. Usiupige msasa mkavu. Ulowanishe ndipo uukwangue, watoto wakiwa mbali.

Mbao safi zina kazi nyingi. Ndefu zitatoa milango ya ghala na madawati ya shule. Za kati zitatosha banda la mbuzi lenye sakafu ya kuinuliwa, au kihenge chenye miguu ya mita 1 na zaidi, kila mguu umevishwa bati la kuzuia panya. Fupi ni za mizinga ya nyuki. Vile vijiti vya juu vinavyobeba masega viwe na upana wa milimita 32, ndio unaowafaa nyuki wetu. Vipande vya mwisho kabisa, visivyo na dawa wala rangi, hivyo ndivyo kuni.

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini mbao ikilala chini inaoza, na mchwa hawangoji kikao. Tuzipange juu ya mawe, zisiguse udongo, katikati tuweke fito hewa ipite, juu tufunike bati.

Tena mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo naomba mkutano uamue mambo matatu. Mosi, kamati ihesabu mbao zote leo kabla ya jua kuzama na iandike daftarini. Pili, mbao za milango na madawati zitengwe. Zilizobaki wanachama wauziwe kwa bei itakayopangwa na mkutano huu, si gizani. Tatu, mwanachama atakayesafirisha mbao nje ya kijiji apate kwanza barua ya ofisi ya kijiji na kuuliza hati kwa watu wa misitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ipo, na njiani ataulizwa mbao kazitoa wapi.

Mimi niko tayari kila Jumamosi asubuhi kuwafundisha vijana kung'oa misumari na kupiga randa. Waje na nyundo, randa ninayo.

Ushirika ni nguvu.