Nani Ampime Mpimaji wa Majivu?

Tuseme duka limeungua usiku pale Kisesa, kando ya barabara ya Musoma. Kabla hakujakucha maneno yameshaenea: kachoma mwenyewe apate bima! Polisi wanazoa kifusi, wanakifunga kwenye kopo la bati lisilopitisha hewa, maana mvuke wa petroli hautulii, kisha kinakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Huko mtu mmoja anasoma vilele vya grafu inayoonyesha kemikali zilizomo.

Sasa, kwa nini jambo hili likuhusu? Godoro la sponji likiungua hutoa baadhi ya kemikali zilizomo pia kwenye petroli. Asiyebobea ataona petroli isiyokuwapo, na mtu atafungwa. Marekani wachambuzi wa mabaki ya moto wana mtihani wao wa umahiri, na hata wakifaulu huendelea kupimwa kwa sampuli za majaribio. Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Wanataaluma wa Kemia ya mwaka 2016. Ni hatua nzuri, lakini kusajiliwa kuwa mkemia ni jambo moja, kusoma majivu ni jingine.

Wasiotaka mtihani wa lazima nao wana hoja. Mitihani ya ng'ambo hulipiwa kwa dola. Tukisema asiye na cheti asipime, mahabusu wa gereza la Butimba atasubiri ripoti mpaka lini?

Mimi naegemea mtihani, hata ukiwa wa Afrika Mashariki nzima. Swali ni hili: gharama aibebe nani, serikali, kampuni za bima, au mkemia mwenyewe?