Hotuba juu ya Maporomoko ya Ardhi na Vyombo vya Kuyatambua

Masheikh wetu waheshimiwa, wazee wetu, na ndugu zangu Waislamu wa Mbau.

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nimetakiwa niseme machache juu ya maporomoko ya ardhi. Huenda mtu akauliza, sisi na milima wapi na wapi? Lakini tuna jamaa Mueda, ambako uwanda wa juu hushuka kwa miteremko mikali. Wala hatujasahau jioni ya 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipoingia Cabo Delgado.

Tazameni yaliyowapata jirani zetu wa Tanzania. Asubuhi ya Jumapili, 3 Desemba 2023, kipande cha mlima Hanang kilichokwisha kushiba mvua kilimeguka, kikawa tope, likashuka pamoja na mawe na magogo hata mjini Katesh. Walikufa watu zaidi ya 80.

Mara nyingi mteremko hutoa dalili kabla ya kuanguka, ila jicho halizioni. Maji huingia kati ya chembe za udongo, yakazisukuma zisishikane. Ardhi ikaanza kuinama kidogo kidogo. Basi wataalamu huweka chombo cha kupima mvua, kingine hufukiwa kipime nguvu ya maji ndani ya udongo, na kingine hupima kule kuinama. Habari hupelekwa papo kwa papo kwa mawimbi ya simu au setelaiti. Kipimo kikivuka mpaka uliowekwa, king'ora hulia.

Sifichi: chombo hakizuii mlima. Humpa mtu muda tu, pengine saa, pengine dakika chache. Tena mara nyingine hulia bure, na aliyekimbia bure mara mbili, mara ya tatu hulala. Na usiku simu ikinyamaza, habari itamfikiaje bibi kizee aliye peke yake? Hapa nawatazama ninyi, maimamu na waadhini. Sauti yenu yajulikana na kila nyumba, na onyo la kimbunga nalo lahitaji njia hiyo hiyo.

Wako wasemao kwamba huko ni kupungukiwa na tawakali. Manahodha wetu hutia nanga kila usiku, wala sijasikia mtu akiwatia ila ya imani.

Naomba basi, tangu Novemba hata Aprili, kila msikiti uwe na mtu wa zamu wa kupokea habari za mvua na kimbunga, na ijulikane mapema watu wakimbilie wapi. Majina yataandikwa leo baada ya swala ya alasiri.

Wassalaam.