Noeli Katika Nyumba Isiyo na Nguo Mpya



Katika majuma haya ya Majilio tunatengeneza roho zetu tupate kumpokea Mkombozi. Leo tunataka kusema juu ya jambo lionekanalo dogo, kumbe huwafungia watu wengi nje ya kanisa siku yenyewe ya Noeli: jambo la nguo na zawadi.

Mwajua jinsi mambo yanavyokwenda. Mwezi wa Desemba ukifika, mwenye duka huning'iniza vitenge vipya mlangoni pake. Watoto huviona, wakaanza kuuliza. Mama humwambia mumewe: «Wana wa jirani watavaa nguo mpya, na wetu je?» Baba hana fedha. Huku kwetu Katanga, Noeli huja katikati ya mvua: mahindi yangali mabichi shambani, na ghala limekaribia kwisha. Basi baba huyo huenda kukopa, akaweka rehani mavuno asiyoyaona bado. Mahindi yakiiva, mwenye duka hufika na magunia yake, naye ndiye mwenye kutaja bei. Nguo imekwisha kupauka kwa jua na sabuni, lakini deni lingali jipya.

Wengine hawakopi, bali hufanya jambo la kusikitisha zaidi: hubaki nyumbani. Kengele ya Noeli hulia, nao hufunga mlango, kwa kuwa waona haya kuonekana na kitenge cha mwaka jana. Hapo ndipo huzuni yetu ilipo. Mtoto Yezu amezaliwa maskini, na maskini waogopa kumwendea kwa sababu ya umaskini wao!

Na tutazame basi ni nani tunayemwendea. Injili ya Mtakatifu Luka yatueleza kwamba Mama yake alimfunika kwa vitambaa, akamlaza horini, mahali pa kulishia wanyama. Waliofika kwanza ni wachungaji waliokuwa wakilinda kundi usiku. Na sisi tufugao mbuzi twajua harufu ya mtu aliyekesha na mifugo. Malaika hakuwaagiza kwenda kwanza kubadili nguo. Siku arobaini zilipotimia, Maria na Yozefu walimpeleka Mtoto Hekaluni Yeruzalemu. Sheria ya Musa iliagiza kutoa mwana-kondoo, lakini mtu asiyeweza kumpata aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Ndiyo sadaka waliyoitoa wao, sadaka ya maskini. Yozefu alikuwa wa ukoo wa mfalme Daudi. Angaliweza kuona haya mbele ya watu. Alitoa alichokuwa nacho.

Labda mtu atauliza: Mbona Mamajusi walileta dhahabu, ubani na manemane? Ni kweli. Lakini walivitoa katika hazina zao wenyewe, tena walimpa Yezu. Hawakupeana wao kwa wao ili wasifiwe.

Je, ni dhambi kuvaa nguo mpya siku ya Noeli? Hapana. Aliye na fedha yake halali, asiye na deni la mtu, amnunulie mwanawe shati, wafurahi pamoja. Hatupendi wakristu wenye uso uliokunjamana siku ya sikukuu. Tunalokataa ni deni, na majivuno, na kumtia mwenzako haya. Kitenge cha zamani kilichofuliwa vema, kikashonwa palipochanika, chatosha kabisa mbele ya altare. Mwenye heri Isidori Bakanja alikufa katika nchi yetu hii mwaka 1909 kwa majeraha ya viboko, naye alipigwa kwa ajili ya skapulari, kitambaa kidogo cha Bikira Maria alichokivaa shingoni. Kanisa lilimtangaza mwenye heri mwaka 1994. Hakuna aulizaye leo shati lake lilikuwa la bei gani.

Watoto nao wapewe kazi ya furaha. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio huko Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitengeneza hori lenye majani makavu, akaleta ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho umaskini wa Betlehemu. Watoto wetu waweza kufanya vivyo hivyo kwa udongo wa mtoni na majani ya migomba. Kazi hiyo huwashika juma zima, wala haina bei. Na chakula kiwe bukari na sombe, na kuku kama yupo. Lakini mwiteni mjane wa jirani, aketi pamoja nanyi tangu mwanzo, asipelekewe masalio.

Jioni hii, baada ya sala ya jamaa, baba na mama wawaambie watoto waziwazi: mwaka huu hatutakopa, na sote tutakwenda kanisani. Mtoto aliyeambiwa mapema hatalia siku yenyewe. Kisha mama afungue sanduku, atazame ni nguo zipi zahitaji sindano. Majuma mawili yangaliko.