Posho Haiingii Kwenye Kikokotoo: Muuguzi na Maandalizi ya Kustaafu



Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na analazimika kuondoka akifikisha 60. Madaktari bingwa wameongezewa hadi 65, sisi wauguzi na wakunga hatumo. Tarehe yetu tunaijua tangu tunaporipoti kazini. Kinachotushtua si tarehe, ni kiasi cha pensheni.

Tuseme ukweli, wengi wetu hatuishi kwa mshahara peke yake. Kuna posho ya wito, kuna malipo ya muda wa ziada, kuna kampeni za chanjo na semina kama hii. Hizo ndizo zinazolipa ada za watoto. Lakini mchango wa mfuko wetu wa pensheni, PSSSF, unahesabiwa kwenye mshahara wa msingi tu, asilimia 5 kutoka kwako na 15 kutoka kwa mwajiri. Usiku wote ule wa wito, kwenye pensheni ni sifuri.

Tupige hesabu kwa kikokotoo cha pensheni. Chukua muuguzi ambaye wastani wa mshahara wake katika miaka mitatu bora ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, naye amechangia miezi 420. Mshahara wa mwaka unazidishwa kwa miezi hiyo, kisha unagawanywa kwa 580. Inapatikana takriban milioni 10.4 kwa mwaka. Kama yumo katika kundi ambalo mwaka 2024 malipo yake ya mkupuo yalipandishwa kutoka asilimia 33 hadi 40, asilimia 40 ya fedha hiyo inazidishwa kwa 12.5. Atapokea mkupuo wa kama milioni 52, na sehemu inayobaki, ikigawanywa kwa miezi 12, itampa kila mwezi takriban 521,000. Sasa ongeza posho zako kwenye huo mshahara wa 1,200,000, ulinganishe na 521,000. Hilo ndilo pengo la kujiandalia, na anayeanza kujiandaa akiwa na miaka 58 amechelewa.

Milioni 52 zina ndugu wengi. Nyumba isijengwe kwa mkupuo. Ijengwe polepole ukiwa bado na mshahara, hata kama ni chumba kimoja kila baada ya miaka kadhaa. Biashara nayo ianze mapema, ikiwa ndogo, ikufundishe hasara ndogo. Na mstaafu anayemwachia mkopeshaji wa riba kubwa, yaani kausha damu, kadi yake ya benki amestaafu mara mbili.

Jambo linalochelewesha malipo mara nyingi ni jalada la utumishi lenye kasoro. Kwetu wanawake tatizo hili lina sura yake: cheti cha uuguzi kina jina la baba, barua ya ajira ina jina la baba, mshahara unalipwa kwa jina la mume, na kitambulisho cha taifa kina mchanganyiko wa yote. Ukiwa na miaka 45 unarekebisha kwa hati ya kisheria na safari chache za ofisini. Ukiwa na 60 unarekebisha huku huna mshahara. Hakikisha barua ya kwanza ya ajira, ya kuthibitishwa kazini na za kupandishwa cheo zimo. Michango itazame mwenyewe kwenye PSSSF Kiganjani, mwezi kwa mwezi. Mwezi usiolipwa haujitangazi.

Kuna na hili la mtaani. Ukistaafu, mlango wako utagongwa usiku: mtoto ana homa, bibi anataka achomwe sindano aliyoinunua duka la dawa. Mtaa haujui kwamba leseni ina mwisho. Anayetaka kuendelea kuhudumia, iwe kwa mkataba hospitali binafsi au kufundisha chuoni, aendelee kuhuisha leseni yake kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Asiyetaka kuhuisha aelekeze watu zahanati. Kuchoma sindano sebuleni bila leseni ni kesi inayokusubiri.

Kuhusu afya sitasema mengi. Mgongo ulioinua wagonjwa miaka 35 unajulikana. Kumbukeni tu kwamba kadi ya bima ya mstaafu inamhudumia yeye na mwenza wake, watoto wanatoka.

Naomba basi kila aliyemo ukumbini, kabla ya mwezi huu kwisha, apite masjala, amwombe afisa utumishi jalada lake, alisome ukurasa kwa ukurasa, na aandike barua kwa kila kinachokosekana.