Je, Rais Anaweza Kuivunja Serikali ya Kaunti?



Katika mabaraza mengi, mambo yakikwama, hutokea mtu akasimama na kusema: "Rais na aivunje kaunti hii, turudi debeni." Bajeti imekwama, dawa hakuna zahanati, gavana na wawakilishi wa wadi hawasalimiani. Watu hupiga makofi. Jambo hilo linawezekana kisheria, ila si kwa njia ambayo wengi wanaidhania.

Rais wa Kenya ana mamlaka makubwa. Ni Mkuu wa Nchi na wa Serikali, na ni Amiri Jeshi Mkuu. Huteua mawaziri kwa idhini ya Bunge la Taifa na anaweza kuwafuta. Lakini gavana si mmoja wa hao. Gavana huchaguliwa na wakazi, na Kifungu cha 6 cha Katiba kinasema serikali ya kitaifa na zile za kaunti ni tofauti ingawa zinategemeana. Kamishna wa kaunti ndiye anayewakilisha serikali ya kitaifa, na hapo ndipo watu wengi huchanganya ofisi hizo mbili.

Waliotunga Katiba ya 2010 walikuwa na sababu ya kuwa waangalifu. Katiba ya uhuru ya 1963 iliunda majimbo saba yenye mabunge yake. Baada ya Kenya kuwa Jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, majimbo hayo yalipokonywa mamlaka na fedha, marekebisho kwa marekebisho. Mwaka 1966 Seneti, iliyokusudiwa kuyalinda, ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi. Kufikia mwisho wa mwongo huo palibaki mikoa tu, ikisimamiwa na wakuu wa mikoa walioteuliwa kutoka Nairobi. Yote yalipitishwa bungeni, hatua kwa hatua, na ndiyo maana mwananchi wa kawaida hakuona ni siku gani hasa alipoteza jimbo lake.

Kwa hivyo leo Kifungu cha 192 kinampa Rais uwezo wa kusimamisha serikali ya kaunti, lakini kimeufunga kwa kamba kadhaa. Anaweza kufanya hivyo wakati wa dharura itokanayo na mapigano ya ndani au vita. Nje ya hapo, lazima pawe na hali isiyo ya kawaida. Tume huru ichunguze madai kwanza, Rais mwenyewe aridhike kwamba madai hayo ni ya kweli, kisha Seneti iidhinishe. Hata baada ya hapo, Seneti inaweza kuondoa amri hiyo wakati wowote.

Mkazi naye ana nafasi yake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu kupeleka ombi kwa Rais, mradi liungwe mkono kwa sahihi za asilimia 10 ya wapiga kura waliosajiliwa katika kaunti. Kaunti yenye wapiga kura 400,000 itahitaji sahihi 40,000. Hiyo si kazi ya alasiri moja sokoni.

Na wanaopiga makofi wajue wanaomba nini. Kaunti ikisimamishwa, haondoki gavana peke yake. Bunge la kaunti nalo huenda, pamoja na yule mwakilishi wa wadi aliyekuwa akifanya kazi vizuri. Usimamizi wa muda hauwezi kupita siku 90, kisha uchaguzi hufanyika.

Makueni walilijaribu jambo hili. Mwaka 2014 gavana Kivutha Kibwana na bunge la kaunti walizozana juu ya bajeti hadi kazi zikakwama. Septemba mwaka huo risasi zilifyatuliwa katika uwanja wa bunge la kaunti, na watu wakajeruhiwa. Wakazi wakakusanya sahihi. Rais Uhuru Kenyatta akaunda tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga. Tume ikazunguka, ikasikiliza watu, na ikapendekeza kaunti isimamishwe.

Rais akakataa. Mwaka 2015 alitangaza kwamba hataisimamisha, na viongozi wakatakiwa kupatana. Wengi waliotia sahihi waliudhika, na ni haki yao. Walikuwa wamefuata sheria kikamilifu. Lakini pendekezo la tume halimfungi Rais. Katiba inataka aridhike mwenyewe, na bila hilo suala halifiki Seneti.

Kwa hivyo wakazi wa Makueni walisubiri hadi Agosti 2017, wakati wa kawaida wa uchaguzi. Kibwana akarudishwa. Wengi wa wawakilishi wa wadi waliokuwa katika bunge lile hawakurudi.