Msafiri Peke Yake ni Amana

Alhamdulillahi Rabbil-alamin. Ndugu zetu katika imani, wiki hii binti mmoja wa jumuiya yetu alikuwa akirejea kwa treni baada ya tarawehe. Mtu asiyemjua aliketi karibu naye, akamsaili jina, akamsaili aendako, na kila alipohama akamfuata. Binti alijibu kwa upole hadi mwisho, kwa kuwa sisi wazazi tulimfunza kwamba kutojibu ni utovu wa adabu. Hapo tulikosea.

Tukumbuke kisa cha Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoachwa nyuma na msafara uliorejea kutoka vita vya Banu Mustaliq. Safwan bin Muattal alipomkuta, alitamka istirjai, akampigisha magoti ngamia wake, Bibi Aisha akapanda, naye akamwongoza ngamia kwa miguu bila ya kumsemesha neno. Huo ndio uungwana: msafiri aliye peke yake ni amana.

Basi tuwafunze mabinti zetu kwamba kukataa mazungumzo si dhambi. Ahame, akae penye watu, aseme kwa sauti “Niache”, wala asielekee nyumbani hali anafuatwa. Hapa Uingereza, polisi wa reli hupokea ujumbe wa simu kwa nambari 61016. Penye hatari, apige 999. Nanyi vijana, mkimwona anayesumbuliwa, ketini karibu naye mpaka asalimike.

Allah awahifadhi wasafiri wetu. Amin.